Lenzi pacha, picha tofauti: kwa nini 600 yako haikati kama ya rafiki yako

*Shikamoo fundi. Mimi ni dereva mwongoza watalii, nafanya kazi mbuga za kaskazini. Mwaka jana nilinunua lenzi ya milimita 150-600 iliyotumika, kwa pesa niliyoidunduliza msimu mzima. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, hizi zenye kioo ndani na sensa ndogo. Kuanzia 150 hadi 400 naridhika kabisa. Nikifika 600 picha inalegea, manyoya ya simba yanakuwa kama yamepakwa siagi. Rafiki yangu ana lenzi aina ileile na zake zinakata. Juzi tulimkuta duma juu ya kichuguu, kama mita 80 hivi, saa saba mchana. Mimi nilipiga kupitia dirishani, yeye kupitia paani, na tukilinganisha, yangu haifai hata kumwonesha mtu. Nimeona pia upande wa kushoto wa picha unakuwa hafifu kuliko wa kulia, ingawa si kila mara. Mbele nimefunga filta ya kulinda kioo. Fundi mmoja mjini ameniambia vioo vimechoka, anataka kuifungua aisafishe. Wengine wanasema nimepata lenzi mbovu tangu kiwandani, niiuze. Kweli lenzi mbili za aina moja zinaweza kutofautiana hivyo? Nifanye nini?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Pesa ya msimu mzima si mchezo, naelewa kwa nini jambo hili linakukosesha raha. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kuna maswali matatu yamefungwa kwenye fundo moja: kama lenzi za jina moja hutofautiana, kama yako ni mbovu, na kama umwachie huyo fundi aifungue. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka. Usimpe. Angalau usimpe kabla hujafanya jaribio nitakalokueleza huku chini, ambalo linataka ukuta, magazeti machache na asubuhi moja tu.

La kwanza: ndiyo, hutofautiana, tangu siku zinatoka kiwandani. La pili: kwa hayo uliyonieleza, duma wa saa saba mchana hawezi kuwa shahidi dhidi ya lenzi yako. Ila huo upande wa kushoto unanitia shaka ya kweli, na hatutaupuuza.

Kwanza tuondoe hili la vioo kuchoka. Kioo hakichoki. Kioo cha lenzi kilichosuguliwa miaka thelathini iliyopita kina umbo lilelile leo. Vinavyochoka ni vile vinavyokishikilia: vipete vidogo vinavyoteleza kwenye njia zake unapozungusha zumu, skrubu zinazolegea, gundi inayoachia. Na kinachokiharibu kioo chenyewe mara nyingi ni kuvu, ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri. Huota kama utando wa buibui ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi lenye unyevu. Wakati mwingine grisi ya ndani hutoa mvuke unaoganda juu ya kioo kama pumzi ya mtu. Vyote viwili utaviona mwenyewe. Ingia chumba chenye giza, vua lenzi kwenye kamera, mulika tochi ya simu kwa mbele huku ukiiinamisha lenzi huku na huku. Nyuzi nyeupe zenye matawi ni kuvu. Ukungu wa rangi ya maziwa ni grisi. Ukiona chembe za vumbi tu, ziache hapohapo. Vumbi la ndani, hata likikuudhi machoni, halilegezi picha. Nimeletewa lenzi nyingi mezani zilizoharibiwa na mtu aliyekuwa akifukuza vumbi lisilo na madhara.

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe. Lenzi ya 150-600 si kioo kimoja kirefu. Chukua mfano Sigma 150-600 ile ya kundi la Contemporary, ambayo nyie watu wa mbugani mnaijua: ina vioo 20 vilivyopangwa katika makundi 14. Kila kioo kina unene wake, mkunjo wake, mahali pake pa kukaa, na kinatakiwa kitovu chake kilale kwenye mstari mmoja na vitovu vya wenzake wote, bila kuinama upande wowote. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kufanya hivyo bila kosa hata chembe. Kinachofanyika ni kuweka mpaka: kosa likiwa ndani ya mpaka huu, lenzi inapita. Na mipaka yenyewe inahesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, chini ya unene wa unywele wako. Lenzi moja makosa yake madogo yameelekeana yakafutana, inatoka kali ajabu. Nyingine makosa yake yote yameegemea upande mmoja, nayo imepita kihalali kabisa, lakini pembe moja ya picha ni dhaifu kidogo.

Zumu inaongeza tatizo. Kwenye lenzi isiyo na zumu, vioo vingi vimekaa mahali pamoja. Kwenye zumu, makundi ya vioo yanasafiri. Yanateleza ndani ya bomba lililochongwa njia za kuzunguka kama uzi wa skrubu, kila kundi na njia yake. Kwa hiyo lenzi yako ya 200 na lenzi yako ya 600 ni kama lenzi mbili tofauti zinazoishi nyumba moja: vioo ni vilevile, lakini vimekaa kwingine, na kuinama kwao ni kwingine. Ndiyo maana inawezekana kabisa uridhike hadi 400 halafu mambo yaharibike 600. Pale 600 lenzi imejinyoosha hadi mwisho, kundi zito la mbele limening'inia mbali na mkono wako, na kila kosa dogo lina nafasi ya kujionesha. Hata hivyo ongeza hili: lenzi nyingi za namna hii, hata zile nzuri, ni dhaifu kidogo 600 kuliko 400. Sehemu ya unachokiona ni asili ya lenzi na si ugonjwa.

Yupo Mmarekani, Roger Cicala, aliyeanzisha kampuni ya kukodisha lenzi ya Lensrentals. Kwa kuwa kampuni hiyo ina lenzi nyingi za aina moja, alizipima kwenye mashine, mara nyingi kumikumi, na kuandika alichokiona. Nimejifunza mengi kwake. Lenzi zote zinatofautiana, zumu kwa kawaida zaidi ya zisizo zumu, na kuipata zumu iliyo sawa pembe zote nne katika kila urefu ni nadra sana. Lakini pia, tofauti kati ya lenzi mbili zilizo nzima mara nyingi ni ndogo mno kuiona kwenye picha ya kawaida. Kwa hiyo ukiona tofauti kubwa kama ya siagi na wembe, ujue ama lenzi moja imeumia, ama kuna kitu kingine kabisa kinachofanya kazi hiyo. Mbugani, mara nyingi ni hicho kingine.

Kwanza tazama ukubwa wa kazi unayoiomba hiyo 600. Kwa sensa yako ya megapikseli 24, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ikiwa 600 inabeba kama milimita 0.65 ya kitu kilicho mita 100. Chini ya milimita moja, kwa umbali wa uwanja wa mpira! Kamera ikigeuka kwa sehemu moja ya elfu ya digrii wakati shata, yaani pazia la kamera, iko wazi, picha imeshahama karibu pikseli tatu. Huo mgeuko huwezi kuuona wala kuuhisi. Mtalii akibadilisha mguu kwenye kiti cha nyuma, umeshapita. Injini ikiwa inanguruma, umeshapita mara nyingi.

Halafu hewa. Hapa naomba unisikilize sana, maana ndipo watu wengi wanapouza lenzi nzima. Hewa ya moto na hewa ya baridi hupinda mwanga kwa viwango tofauti. Jua likichoma ardhi, hewa iliyogusa udongo inapata moto, inapanda kwa mapovu, na hewa baridi inashuka kujaza nafasi. Kila povu ni kama kioo kibovu kinachopita mbele ya lenzi yako. Ukimpiga duma wa mita 80 saa saba mchana, unamtazama kupitia mita 80 za vioo vibovu visivyo na idadi, vinavyocheza bila kupumzika. Ndiyo yaleyale mazigazi unayoyaona barabarani kama maji. Kwa jicho hayaonekani mpaka yawe makali. Kwa 600 yanakula manyoya yote mapema zaidi.

Sasa rudi kwenye ule ushindani wenu. Rafiki yako alikuwa juu, paani. Wewe ulikuwa dirishani, chini yake kwa mita moja au zaidi. Tabaka la hewa iliyochemka kuliko zote liko karibu na ardhi, na mstari wako wa kutazama ulipita ndani yake zaidi kuliko wake. Halafu bati la mlango wako lilikuwa jualani limeungua, hewa ya ndani ya gari ina joto lake, na vyote viwili vinakutana dirishani hapohapo mbele ya lenzi. Kama kiyoyozi kilikuwa kimewashwa ni vibaya zaidi, kwa sababu baridi inatoka na joto linaingia mlango mmoja. Mimi nisingelinganisha lenzi zangu mwenyewe kwa mtindo huo, seuze kuuza moja.

Nilishakwenda Amboseli na lenzi ndefu ngeni, nikapiga tembo kwenye ile ardhi kavu ya ziwa kuanzia saa nne hadi saa nane. Jioni nilikaa kitandani nikikuza picha mojamoja, nikaona kila mkunjo wa ngozi umeyeyuka. Nikaamini lenzi imekufa. Kesho yake alfajiri, kabla jua halijapanda, tembo walewale, lenzi ileile: ningeweza kuhesabu kope. Tangu siku hiyo sipimi lenzi yoyote baada ya saa tatu asubuhi.

Kuna alama ya kutofautisha, nayo nakuomba uishike. Kosa la lenzi hukaa palepale, picha baada ya picha, asubuhi na mchana. Kosa la hewa huhama. Piga mfululizo picha 20 bila kusogea, kisha zipitie. Kama ya tatu ni kali, ya nne imelegea, ya tano upande wa kulia umeyeyuka, ya sita wa kushoto, mistari iliyonyooka imepinda kama inapumua, hiyo ni hewa. Na ndiyo maana maneno yako matatu, "si kila mara", yamenifanya nisite. Upande wa kushoto ukilegea kwa sababu ya kioo kilichoinama, ungelegea kila mara ukiwa 600 kwenye kitu kilicho bapa. Lakini mbugani hakuna kitu bapa: kushoto kuna nyasi za mita 60, kulia kichaka cha mita 80, na huwezi kujua nani alaumiwe. Kwa hiyo dalili hii inawezekana ni ya kweli, ila ushahidi wake umechanganyika.

Filta ing'oe leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Kwa lenzi fupi filta ya bei nafuu inaweza isionekane. Kwa 600 inaonekana, kwa sababu lenzi inakuza na kasoro za kile kioo kilichoongezwa mbele yake. Dada mmoja aliniletea lenzi ndefu akiwa karibu kulia. Picha zilikuwa na kivuli cha pili kando ya kila ukingo wa mwili wa ndege, kama mtu ameandika juu ya mwandiko wake. Niligeuza ile filta chini ya taa ya mezani, nikaona mwanga wa taa ukitambaa na kujikunja juu yake badala ya kukaa umenyooka. Tukaivua, tukapiga mnara wa simu ulioko mtaa wa pili, kivuli hakipo. Kofia ya lenzi, ile ndefu ya plastiki, inalinda kioo cha mbele vya kutosha.

Kuna mhusika mwingine ambaye hukumtaja, naye ni fokasi yenyewe. Kamera yako ina kioo cha kuakisi ndani, na kamera za namna hii hazipimi fokasi kwenye sensa inayopiga picha. Zinapima kwenye kisensa kingine kilicho chini, kwa mwanga ulioteremshwa na kioo. Njia hizo mbili zikipishana kidogo, au lenzi ikitafsiri amri kidogo tofauti, fokasi itakaa mbele ya duma au nyuma yake kila mara, na kamera itakuambia kwa sauti yake kuwa iko sahihi. Ukiwa 600 kwa f/6.3, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, mita 20 kutoka kwa mnyama, eneo lililo kali ni kama sentimita 28 tu kwa hesabu ya kawaida, 14 mbele na 14 nyuma, na ukikuza picha pikseli kwa pikseli ni finyu zaidi. Mita 10, inashuka hadi sentimita saba. Fokasi ikipotoka sentimita ishirini, pua ya simba ni kali na jicho ni siagi. Hili ni tatizo la ndoa kati ya lenzi na bodi, yaani kamera yenyewe, wala hakuna aliyeharibika. Lenzi yako hiyohiyo kwenye bodi ya rafiki yako inaweza kukata vizuri. Mlishabadilishana? Kama bado, badilishaneni kwa siku moja. Kamera mpya zisizo na kioo karibu zimeliondoa tatizo hili, kwa kuwa zinapima fokasi kwenye sensa yenyewe.

Sasa jaribio. Tafuta ukuta ulionyooka, wenye kivuli, na nafasi ya mita 20 mbele yake, ikiwezekana juu ya majani kuliko juu ya lami au saruji. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshasimamisha tripodi. Lenzi iache nje nusu saa kwanza izoee hewa. Wewe unayelala ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 kwenda juu, kisha unateremka na lenzi ya baridi kwenye joto la chini, hili likae kichwani na kazini pia: lenzi inayopata joto haijatulia, na kioo cha mbele kinaweza kushika unyevu bila wewe kujua.

Bandika kurasa za gazeti zenye maandishi madogo zikijaza fremu. Kwa mita 20 na 600 fremu yako itafunika kama sentimita 78 kwa 52, kwa hiyo si magazeti mengi. Ili kamera iwe imeutazama ukuta sawasawa bila kukaa mshazari, bandika kioo kidogo cha kujitazamia katikati ya gazeti, kilale bapa ukutani. Sogeza tripodi mpaka uone lenzi yako mwenyewe katikati ya kioo hicho. Hapo umenyooka. Zima kizuia mtikiso, weka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, na fokasi ufanye kwenye skrini ya nyuma, siyo kwenye tundu la kuchungulia, maana kwenye skrini kamera inatumia sensa yenyewe na ule ugomvi wa fokasi unatoka kwenye hesabu. Piga picha tano kwa f/6.3, ukivuruga fokasi na kuirudisha kila mara. Kisha tano kwa f/8. Rudia kwa 400 na 500 ili uone mwendo wake.

Itazame katikati kwanza. Kama herufi za katikati zinasomeka safi kwa 600, hata f/8 tu, basi moyo wa lenzi yako ni mzima, na duma wako aliliwa na hewa, mtikiso au fokasi. Halafu piga picha nyingine tano, sasa kwa kufokasi kupitia tundu la kuchungulia kama unavyofanya kazini. Zikiwa hafifu kuliko za skrini, umempata mchawi: ni ile ndoa ya lenzi na bodi. Ingia kwenye menyu ya kamera uone kama inaruhusu kurekebisha fokasi kwa lenzi moja moja; si bodi zote zinaruhusu. Na kama lenzi ni ya Sigma au Tamron za aina zinazopokea kifaa cha kurekebishia kwa kompyuta, hicho ni bora zaidi. Cha Sigma, kwa mfano, kinakupa marekebisho 16, yaani urefu wa zumu wa aina nne kwa umbali wa aina nne, kwa hiyo unaweza kurekebisha 600 bila kugusa 150 inayokupendeza. Nenda polepole, hatua ndogondogo, na andika kila namba kwenye daftari.

Kisha ule upande wa kushoto. Kama gazeti ni hafifu kushoto, usihukumu bado. Legeza kola ya tripodi, ile pete inayoishikilia lenzi, zungusha kamera na lenzi pamoja mpaka kamera iwe kichwa chini miguu juu, kaza, piga tena. Kama udhaifu ni wa ukuta au wa namna ulivyosimama, utabaki kwenye magazeti yaleyale ya kushoto. Kama ni wa lenzi, utahamia magazeti ya kulia, kwa sababu umeigeuza lenzi na yenyewe imeondoka na kasoro yake. Hapo hakuna ubishi tena. Hatua moja ya mwisho: rudisha kamera ikae kama kawaida, sogeza kisanduku cha fokasi kwenye skrini hadi pembeni kushoto, fokasi hapo. Pembe ya kushoto ikawa kali huku ya kulia ikalegea, kuna kioo au kundi limeinama, na hiyo kwa kawaida inarekebishika na mwenye mashine. Isipokuwa kali hata ukiifokasi yenyewe, kuna kitovu kimehama, nayo ni kazi ngumu zaidi.

Tuseme imethibitika imeinama. Kabla hujaumia moyo, fungua picha zako kumi unazozipenda za wanyama uangalie upande wa kushoto una nini. Mara nyingi ni nyasi zilizo nje ya fokasi kwa makusudi. Lenzi iliyoinama kidogo inaweza kukulisha miaka mingi ukijua tabia yake: piga f/8, mnyama mweke katikati au kulia, rudi hadi 500 pale unapoweza kusogea. Ila usikimbilie f/16 ukidhani utapata zaidi. Tundu likiwa dogo hivyo, mwanga wenyewe hutawanyika, nukta moja inafunika zaidi ya pikseli tano za sensa yako, na picha yote inalegea kwa pamoja. Mimi binafsi, kasoro ikiwa ya pembeni tu na katikati ni safi, nisingetumia hata shilingi.

Kama katikati pia ni dhaifu hata kwenye ukuta, hata f/8, hata kwa fokasi ya skrini, basi lenzi imeumia, na kwa lenzi ya mkono wa pili nafikiri zaidi juu ya kuanguka au barabara kuliko kiwanda. Unaijua njia ya kutoka lango la Loduare la Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti, ile mikunjo kama bati. Kila siku ya msimu, vipete na skrubu vinagongwa. Hapo ndipo pa kutafuta msaada wa ana kwa ana, na pawe kituo kilichoidhinishwa na mtengenezaji wa lenzi yako. Waandikie kwanza, wape namba ya lenzi, tuma picha za ukuta, waombe makadirio ya gharama pamoja na usafirishaji. Ikizidi nusu ya bei uliyonunulia, mimi ningeacha. Lenzi ipelekwe pia, bila kusubiri jaribio lolote, kama zumu inakwama, kama bomba la mbele linacheza ukilishika, au kama umeona kuvu. Mlio mdogo wa kitu kinachogongagonga ndani wakati kamera imezimwa usikutishe, ni kundi la kizuia mtikiso limelegea kwa kuwa halina umeme.

Kwa nini nimekuzuia kwa fundi wa mjini? Ndani ya lenzi hiyo, chini ya baadhi ya makundi ya vioo, kuna pete nyembamba kama karatasi, mbili hapa, moja kule, zilizowekwa kiwandani kunyoosha lenzi hiyo moja tu. Kuna na vipete visivyo duara kamili ambavyo ukivigeuza kidogo kundi zima linainama. Fundi asiyejua akifungua, anavipanga upya kwa jicho. Hata anayejua, mimi nikiwa mmoja, nachora alama kwa sindano kabla ya kulegeza skrubu yoyote, na bado bila mashine ya kupimia nisingekuahidi kuwa itarudi ilivyokuwa. Muulize swali moja: "Ukimaliza utapima kwa nini?" Akikosa jibu, shukuru uondoke na lenzi yako.

Kuhusu kuuza, uamuzi ni wako, lakini ukiuza baada ya jaribio mwoneshe mnunuzi zile picha za ukuta. Na ukinunua nyingine iliyotumika, omba ufanye jaribio hilohilo kabla ya kutoa pesa. Muuzaji anayekataa nusu saa ya ukuta, mimi simnunulii.

Wakati huohuo, kazini: zima injini kabla ya kupiga, waombe wageni watulie, laza lenzi juu ya mfuko wa maharage, spidi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde hata mnyama akiwa amelala, na panda ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga, bila woga kuipata. Kiyoyozi zima na madirisha fungua mapema, hewa ya ndani na nje zilingane. Mnyama akiwa mbali na jua liko utosini, mpigie mgeni wako picha ya mandhari na umngoje mnyama asogee. Hata lenzi za 600 za zaidi ya dola 10,000 hazipiti hewa hiyo. Barabarani lenzi ifungwe kwenye 150, ikae kwenye begi lenye sponji kwenye kiti, isikae kwenye dashibodi wala sakafuni.

Ukishapiga ukuta, nitumie picha nne ambazo hazijakuzwa wala kuhaririwa: ya f/6.3 na ya f/8 kamera ikiwa imekaa kama kawaida, na hizohizo kamera ikiwa kichwa chini. Andika saa uliyopiga na umbali. Nitazitazama na kukujibu.